Sabini na Moja, Uzee

Ofisini kwetu kuna madirisha mawili. Dirisha namba moja ni la vizazi, na anayekaa pale miaka yote tunamwita Mama Vizazi. Dirisha namba mbili ni la vifo. Basi kisia mwenyewe mimi naitwaje. Nikipita sokoni, watu wazima na akili zao wanahamia upande wa pili wa njia, kana kwamba nimeshika fomu natafuta jina la kujaza. Nilishazoea. Mdogo wangu wa kiume peke yake ndiye aliyekuwa akinitania uso kwa uso: "Dada, leo umeandikisha wangapi? Mimi simo kwenye orodha?" Nami namwambia aache mdomo, foleni ni ndefu.

Nataka kueleza jinsi nilivyowamaliza watu kwa huruma, na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Fomu ya kifo ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni jina, jinsia, makazi na umri. Marehemu akiwa amezidi miaka sabini, kwenye sababu unaandika "uzee", unagonga muhuri, mfiwa anachukua kibali cha mazishi anaondoka. Akiwa chini ya hapo, lazima ukurasa wa pili, na huo sijazi mimi. Unajazwa na daktari wa hospitali kubwa, mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi, na ukifika mara nyingi daktari hayupo, njoo kesho. Maiti iko ndani, watu wamejaa uani, joto limeshika, na mjane anaambiwa njoo kesho.

Karani wa zamani tuliyemwita Kalamu ndiye aliyenifundisha kazi, na njia ya kutoka hapo alinionyesha siku ya pili tu. "Ukiona mfiwa amechoka," akasema, "andika sabini na moja. Umri wa kweli Mungu anaujua. Serikali yenyewe inataka karatasi." Sikushangaa, kwa sababu Kalamu huyo huyo ndiye aliyemwandika baba yetu sabini na moja, uzee, na baba alikuwa na arobaini na nane. Siku ile nilitoka dirishani pake nikimshukuru kwa machozi. Ndiyo hisani pekee ambayo ofisi ya serikali iliwahi kunifanyia.

Kalamu aliitoa kwa nadra, mimi nikawafanyia watu kila wiki. Miaka kumi na mitano. Mtoto sikuwahi kumzeesha, kijana asiye na familia sikumgusa, na aliyefia hospitali alikuja na barua yake. Lakini baba au mama wa watu aliyefia kitandani kwake, huyo nilimpa miaka. Na sikuwa mjinga. Leo sabini na moja, kesho sabini na nne, keshokutwa sabini na tisa, ili mkaguzi asishtuke, ingawa mkono wangu ulipenda zaidi sabini na moja. Wakaguzi walikuja, wakafungua daftari, wakausifu mwandiko.

Wengi walikuwa wachoma matofali. Wilaya yetu inaishi kwa matofali. Ukisimama mlangoni pa ofisi unaona moshi wa matanuri. Wanaume wanaingia kule wakiwa na miaka kumi na minane, wanabeba, wanapanga, wanachochea, jua juu na moto mbele, na maji ya kunywa ni pipa moja kwa watu thelathini. Ukiwauliza wanaumwa nini, wanasema mgongo. Miguu ikivimba wanasema viatu vinabana.

Namkumbuka mjane mmoja. Alikuwa na kitoto cha wiki tatu mgongoni, ametoka dirisha namba moja kukiandikisha, akaingia foleni yangu kumwandikisha baba wa kitoto hicho. Nikamuuliza umri wa marehemu. "Thelathini na sita." Nikamtazama. Alikuwa amezaa kwa kupasuliwa, anasimama upande upande, mkono mmoja kaubana tumboni. Nikaandika sabini na moja. Alijua kusoma. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Umemfanya babu," akasema, na akacheka kidogo, nadhani cheko lake la kwanza tangu msiba. Siku hiyo nililala nikijiona mtu wa maana.

Mdogo wangu naye alikuwa mtu wa matanuri, miaka ishirini. Figo zilipokataa kazi alikuwa na arobaini na tatu, akaanza kwenda hospitali kubwa kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Anatoka alfajiri, anarudi jua limezama, anakaa kwanza kwenye ngazi ya mlango mpaka apate nguvu za kuingia kwake. Lakini alikuwa na tumaini, na tumaini lenyewe lilikuwa limeshapigwa vigae. Hospitali yetu ya wilaya ilijenga chumba cha mashine. Mashine nne za kusafisha damu zilikuwa njiani. Kila wiki mdogo wangu alikwenda kukitazama chumba kile kama mtu anayejengewa nyumba, na mahali alishachagua.

"Changu ni kitanda kile cha dirishani, dada. Nitakuwa naona barabara. Nikimaliza, dakika kumi kwa miguu niko nyumbani, nakula chakula kikiwa cha moto." Wifi yangu alishamshonea foronya ya kulalia huko.

Mtakwimu kutoka makao makuu alikuja Jumanne. Tukaitwa ukumbini wote mpaka mfagiaji. Mezani kulikuwa na soda na biskuti, nikajua ama kuna habari njema ama kuna mtu anastaafishwa. Mtakwimu mwenyewe alikuwa kijana mwembamba wa miwani, mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Akaelekeza taa yake ukutani, ukuta ukajaa mistari.

"Kila mstari ni nchi," akasema. "Unaonyesha mtoto anayezaliwa humo anatarajiwa kuishi miaka mingapi, hali ikibaki kama ilivyo."

Akatupitisha kwa kijiti. Kulikuwa na nchi zilizopanda polepole, kizazi baada ya kizazi, mpaka zikavuka themanini. Kulikuwa na nchi iliyokuwa inapanda vizuri, mara ikatumbukia, maradhi yakafyeka watu wazima, na dawa zilipofika ikaanza kupanda upya. Kulikuwa na nchi tajiri ambayo mstari wake ulilala tu, miaka inakwenda haisogei, na mabingwa wake, akasema, bado wanabishana kwa nini. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa na kingine kwenye wa chini kabisa.

"Watoto hawa wawili wamezaliwa leo, saa ile ile. Huyu wa juu amewekewa kama miaka thelathini zaidi ya mwenzake. Hajafanya lolote, kazaliwa tu upande ule."

Miaka thelathini! Mimi ninayeshinda na vifo kutwa nzima sikuwahi kuihesabu hivyo. Nikamwona baba yangu. Miaka thelathini ndiyo aliyopunjwa.

"Sasa jiangalieni ninyi," akasema kijana, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akaweka mstari mwekundu. Ulikuwa wa wilaya yetu. Ulianza chini, hamsini na nne, ukanyanyuka, ukanyanyuka, ukaja kusimama sabini. "Kuna nchi zimehangaika miaka hamsini kupata mlichopata ninyi kwa kumi na mitano. Wilaya hii ingekuwa nchi, ingekuwa inakaa na hizi hapa." Akaonyesha kundi la nchi zenye neema.

Makofi yakalipuka. Mkuu wa wilaya alipiga mpaka saa ikamfunguka mkononi. Mganga mkuu akauliza mstari ulianza kupanda mwaka gani hasa. Mtakwimu akautaja.

Ulikuwa mwaka nilioanza kukaa dirishani.

Biskuti nikaacha kuitafuna. Nikawa nautazama ule mstari mwekundu, na ghafla nikauona mwandiko wangu. Haukuwa afya, haukuwa maji safi wala chanjo. Ulikuwa mimi na kalamu yangu, nikiwaonea watu huruma. Kabla sijajua nifanye nini, kijana akasema, "Na takwimu hizi zimetoka dirisha namba mbili. Daftari safi kuliko yote niliyokagua. Mama, simama tukuone." Wakanisimamisha. Wakanipigia makofi. Nilisimama pale na makombo mdomoni kama mwizi aliyekamatwa akashangiliwa.

Kisha akasema lililobaki, kwa sauti ile ile ya upole. Wilaya iliyofika hapa haiwezi kutangulizwa. Mashine nne zilizokuwa zije kwetu zitakwenda wilaya ya jirani, ambako watu wanakufa na miaka hamsini na saba. "Isitoshe, kwenye daftari lenu, kwa miaka yote hii, waliokufa kwa figo ni wawili tu, na wote walifia hospitali. Ninyi kwa kweli mnazeeka."

Nilimkamata kwenye korido akikunja nyaya zake.

"Zile namba ni zangu," nikamwambia.

"Ndiyo, mama, hongera sana."

"Hujanielewa. Nimezitunga. Watu hawa hawakufika sabini. Niliwaandika tu."

Akaacha kukunja. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitia hasira kuliko kofi.

"Mama, nani anaumwa kwenu?"

Nikajibu: mdogo wangu.

"Unaona? Kila wilaya ninakowaambia mashine haziji, lazima mtu anifuate kuniambia kwao hali ni mbaya kuliko inavyoandikwa. Juzi daktari mzima ameniletea orodha ya mkono. Siwalaumu, nami nina ndugu. Lakini daftari ni daftari. Naondoka Ijumaa asubuhi, taarifa naiwasilisha Jumatatu."

Fikiria hilo. Miaka kumi na mitano nimesema uongo, hakuna aliyenitilia shaka. Siku niliyosema kweli nikaambiwa nina ndugu mgonjwa.

Usiku huo sikumwambia mdogo wangu kitu. Kulipokucha nilimfuata Mama Vizazi kabla hajafungua dirisha, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini.

"Shoga yangu," akasema. "Umefanya nini wewe?"

"Nimeshakwambia nilichofanya. Nisaidie namna ya kumwonyesha."

Akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga. Kisha akageuka, akavuta daftari lake. Kwenye kizazi, akasema, yeye huandika umri wa baba na wa mama. Hapo haiulizwi barua ya daktari, hakuna wa kumwonea huruma, kwa hiyo watu hutaja umri wao ulivyo. "Nipe jina la marehemu wako yeyote aliyeacha mtoto mdogo."

Nikampa la mume wa yule mjane mwenye kitoto cha wiki tatu. Akapekua, akaweka kidole. Baba wa mtoto: miaka thelathini na sita. Nikafungua langu. Marehemu: miaka sabini na moja, uzee. Jina lile lile, mtaa ule ule, muhuri wa tarehe ile ile. Mama yule alitembea hatua tatu kutoka dirisha moja kwenda la pili, na katika hatua hizo mumewe akazeeka miaka thelathini na mitano.

Madaftari yale yalikaa bega kwa bega miaka yote, na katikati kuna ubao mwembamba tu wa mbao. Tulikuwa tunapeana chumvi juu yake.

Tulifanya kazi Jumatano na Alhamisi, yeye akisoma, mimi nikitafuta. Watu walipiga kelele kwenye foleni, tukawaambia wavumilie. Kila jina nililolipata nilimkumbuka aliyelileta: yule aliyesahau kiatu, yule aliyeniletea mahindi mabichi wiki iliyofuata kunishukuru. Ilipofika Alhamisi alasiri tulikuwa na majina mia moja themanini na manane. Mia moja ishirini kati yao walikuwa wachoma matofali. Mama Vizazi alikuwa analia bila kusimamisha kusoma, na mimi nilitamani anitukane.

Ijumaa asubuhi mtakwimu alikuja kuaga, begi lake begani, ana haraka. Nikamwekea madaftari mawili wazi, nikamwonyesha jina la kwanza. Akasema mtu mmoja si kitu, huenda karani alikosea. Nikamwonyesha la pili. La tano alishusha begi. La ishirini alivua miwani, akaketi kwenye benchi la wafiwa, akaomba tumsomee polepole. Kisha akafungua kompyuta yake, akaingiza yale tuliyokuwa nayo, akakisia yaliyobaki. Tulimwangalia usoni, maana namba zake hatukuzijua.

"Ni arobaini na tisa," akasema.

"Badala ya sabini?" akauliza Mama Vizazi.

"Badala ya sabini. Na ulianzia hamsini na nne." Aligeuza kompyuta tuone. Mstari mwekundu ulikuwa umegeuka, unateremka kuelekea chini ya ukurasa. "Haukuwahi kupanda. Miaka yote hii ulikuwa unashuka, na hakuna aliyeuona."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba hatukupanda. Kushuka sikuwa nimekufikiria kabisa. Ina maana walikuwa wanakufa wadogo zaidi mwaka hata mwaka, wanakuja dirishani kwangu wadogo zaidi, nami nawafunika. Nikakaa karibu na yule kijana kwenye benchi la wafiwa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama naweza kutia sahihi maelezo yangu, nikatia.

Jumatatu hiyo nilisimamishwa kazi kupisha uchunguzi, ni haki yao. Mashine nazo zikasimamishwa. Kamati ikae upya, ikague upya, miezi minne. Mtakwimu alinipigia simu mwenyewe kunieleza, na sauti yake haikuwa na raha. Alisema zitakuja. Alisema, "Bila wewe zisingekuja kabisa." Nikamjibu kwamba bila mimi zingekuwa zimeshafika.

Jioni hiyo nikamweleza mdogo wangu pale kwenye ngazi ya mlango wake. Nilitaka afoke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipapasa magoti yake yaliyovimba.

"Kwa hiyo kile kitanda cha dirishani umeninyang'anya wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na miaka yangu ungenipa mingapi, dada, ningekuja dirishani kwako?"

Nikaanza kulia. Akanishika bega. "Acha basi. Miezi minne si mingi. Nimeshazoea njia."

Haikufika minne. Wiki ya tisa mvua ilikata barabara, akakosa safari mbili mfululizo. Siku ya tano wifi yangu aliniita asubuhi. Nilipofika alikuwa ameshamfunika. Foronya ile ilikuwa chini ya kichwa chake, haijawahi kutumika mahali pengine.

Nikaenda ofisini mwenyewe. Mama Vizazi alikuwa anashika madirisha yote mawili. Aliponiona nimesimama upande wa wafiwa, akavuta fomu bila kuuliza. Akaandika jina, jinsia, makazi. Kwenye umri akasimama. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, akainamia kioo na kuninong'oneza.

"Shoga, nyumbani watu wanakusubiri. Barabara ndiyo kwanza imefunguliwa. Tumalize leo leo?"

Na nilitaka. Kweli kabisa, baada ya yote yale nilitaka. Nilimwona wifi yangu peke yake na mwili ule, nikaona saa nne kwenda na saa nne kurudi na njoo kesho, na mdomo ukafunguka kusema sabini na moja. Sijawahi kujiogopa kama siku hiyo.

"Arobaini na nne," nikasema. "Nipe ukurasa wa pili."

Nilifika hospitali kubwa mchana. Chumba cha figo kiko mwisho wa jengo, viti kumi vya kulalia, mashine zinanguruma. Daktari wa pale alikuwa mama wa makamo, amevaa kandambili. Alimkumbuka mdogo wangu, akanipa pole, akasema alikuwa anawachekesha wauguzi. Akachukua karatasi yangu, akaigeuza mbele na nyuma. Akaangalia jina la wilaya.

"Unajua wewe ni wa kwanza?" akasema.

"Wa kwanza wa nini?"

"Kutoka wilaya yenu. Nina mwaka wa tisa hapa, sijawahi kuletewa ukurasa huu kutoka kwenu. Wagonjwa wenu wanakuja wengi, wachoma matofali, halafu mmoja mmoja wanaacha kuja. Kwingine wakiacha, baada ya siku mbili tatu ndugu anakuja kuchukua barua. Kwenu hakuji mtu." Akavuta kalamu mfukoni. "Sisi hapa tulikuwa tunaambiana labda huko kuna dawa. Tulidhani wanapona."

Nikamwambia hawakupona.

Akainama, akaandika figo kwenye nafasi ya sababu. Akaniuliza marehemu alikuwa na miaka mingapi, nami nikamtajia tena.